Trela Ilale Yadini, Dereva Alale Chumbani

Mwulize dereva wa trela anakaa wapi, atakutajia Voi, Murang'a au Changamwe, kwa kuwa huko ndiko aliko mke, watoto na masufuria. Ukimhesabia usiku aliolala mwaka mzima, utakuta makao yake ya kweli ni kitanda kimoja chembamba nyuma ya usukani, chenye pazia la leso, na nje ubavuni mtungi wa maji wa lita 20 uliofungwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Vyombo vya kupikia vimo sandukuni pamoja na spana. Nimeishi hivyo miaka 17, nikitoka bandarini Mombasa kwenda Thika, Garissa na Moyale, na leo naishi Ruiru kwenye nyumba isiyo na magurudumu. Ninayoandika hapa ni kwako wewe uliye bado barabarani, na kwa utingo wako, taniboi kama tunavyomwita, ambaye mara nyingi hata hicho kitanda hakipati.

Kuendesha unakujua. Nataka tuzungumze juu ya kusimama.

Ruiru na Thika ni mahali ambapo trela husimama, utake usitake. Ukitoka Mombasa na hutaki kuingia katikati ya Nairobi, unaacha barabara kuu, unashika Eastern Bypass kupitia Utawala na Kamakis, na inakutoa Ruiru kwenye Thika Road. Hapo una viwanda vya chuma na maziwa. Ukisogea mbele, baada ya mizani ya Juja, unafika Thika yenye mafuta ya kupikia, nguo, vinu vya kahawa na mashamba ya mananasi ya Del Monte. Na Thika ndiko njia zinakoachana: moja inapanda Kenol, Sagana na kuendelea hadi Isiolo na Moyale, nyingine inapita Makongeni kuelekea Matuu, Mwingi na Garissa. Kwa hiyo ama unangoja foleni ya kushusha kiwandani, ama umeshashusha na mzigo wa kurudi haujapatikana, ama unamsubiri mwenzako mpande pamoja kwenda kaskazini. Siku mbili, tatu, wakati mwingine juma zima.

Siku hizo nilikuwa nikizimaliza kabini. Gari limesimama lakini mimi niko kazini bado: sikio liko kwenye tangi la dizeli, jicho kwenye turubai, mguu mmoja nje ya blanketi tayari kuruka. Nilikuwa naondoka Thika nimechoka kuliko nilivyofika, na kwa miaka mingi nikadhani hayo ndiyo maisha ya dereva. Nilichelewa kuelewa kwamba mtu huanza kupumzika pale anapoweza kuliacha gari akaenda zake. Karibu yote nitakayokuambia ni namna ya kuifikia hali hiyo.

Wenzetu wa Ulaya wamelitambua hili hadi wakaliweka kwenye sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori hupewa pumziko kamili la wiki lisilopungua saa 45, na tangu 2020 kanuni zao zinasema wazi kwamba pumziko hilo halifai kulalwa ndani ya gari. Mwajiri ndiye anayegharamia malazi. Kabini ni ya usiku wa njiani tu. Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya 2012, inakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ni kanuni nzuri, na ningependa kila mwenye gari aibandike ukutani mwa ofisi yake. Lakini inahesabu saa za usukani, na haikuulizi zile 16 zilizobaki ulilala wapi. Hilo itabidi ulipange wewe.

Anza kabla hujafika

Mahali pa kuegesha hapatafutwi saa nne usiku ukiwa unasinzia. Ukiwa bado Mlolongo, au ukitoka kaskazini ukiwa Sagana, piga simu mbili. Ya kwanza kiwandani, kuuliza foleni iko namna gani na kama geti linapokea magari usiku. Ya pili kwa askari wa yadi unayoijua, kuuliza kama kuna nafasi. Kama umebeba mzigo wa transiti, kwa mfano unaokwenda Ethiopia kupitia Moyale, kuna simu ya tatu: kontena lako lina sili ya kielektroniki inayofuatiliwa na KRA, mamlaka ya mapato, na gari likiacha njia yake au likikaa mahali muda mrefu litazua maswali. Ofisi yako ijue umesimama wapi na kwa nini, na ujumbe huo ubaki kwenye simu.

Usiegeshe pembeni mwa Thika Road. Najua utawaona wengine wamefanya hivyo, taa zimezimwa, wamelala. Barabara ile ilifunguliwa 2012 ili magari yapite kwa kasi, na yanapita kwa kasi. Trela iliyosimama gizani ni ukuta, na anayeugonga mara nyingi ni mtu wa gari dogo aliyekuwa akirudi kwake. Gari likikuharibikia, weka pembetatu nyekundu mbele na nyuma, mbali kuliko unavyodhani inatosha, kisha wewe na utingo wako simameni nje ya reli, msibaki ndani. Matawi ya miti tuyaache, usiku hayang'ai.

Yadi nzuri utaijua kwa mambo machache, na taa za umeme getini si la kwanza. La kwanza kwangu ni udongo. Upande wa Thika ulioinuka una udongo mwekundu unaobeba uzito, lakini kuanzia sehemu za Ruiru zilizo chini ya bypass hadi Juja utakutana na udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ugali mbichi mvua ikinyesha. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, yadi ya udongo mweusi isiyomwagwa kokoto ni mtego. Unaingia jioni pamekauka, mvua inapiga usiku, asubuhi magurudumu ya nyuma yamezama hadi kwenye rimu, na utamlipa mwenye trekta pesa ambayo ingekutosha kulala hotelini. Kanyaga ardhi kwa kisigino kabla hujaingiza gari. Ukiacha trela na kuondoka na kichwa peke yake, weka mbao nene chini ya miguu ya trela, hata kama ardhi inaonekana ngumu kama sakafu, kwa sababu miguu ile ni miembamba na hudidimia polepole bila wewe kuona.

La pili ni askari. Muulize anabadilishana zamu na nani na saa ngapi. Yadi yenye mlinzi mmoja wa mchana na usiku haina mlinzi, kwa sababu binadamu hulala. Mtajie jina lako, naye akutajie lake, na mzunguke pamoja mkitazama: tairi hizi ni ngapi, la akiba liko hapa, betri ziko mbili, kifuniko cha tangi kina kufuli, sili ya kontena ni namba hii. Piga picha za vyote mbele yake. Mara ya kwanza kufanya hivi nilihisi namtukana mzee wa watu. Yeye akaniambia, "Dere, wewe ndiye wa kwanza kunionyesha ninachokilinda." Tangu siku ile sikuona haya tena.

Niliwahi kunyonywa dizeli katika yadi moja, lita nyingi, usiku ambao nilikuwa nimelala juu yake hapo hapo kabini. Ndipo nilipojua kwamba kulala garini si ulinzi. Mwizi wa dizeli hana kelele, nawe ukisinzia baada ya kilomita karibu 500 husikii hata radi. Kinacholinda tangi ni kufuli nzuri, gari kuegeshwa upande wa tangi ukikaribiana na ukuta, geti linalofungwa, na mlinzi anayejua kiasi ulichoingia nacho kwa sababu mlikisoma pamoja kwenye geji. Hayo yakiwepo, uwepo wako kitandani hauongezi kitu. Yakikosekana, hauzuii kitu.

Mjini Thika na Ruiru, ukisimama kwenye maegesho ya barabarani, Kaunti ya Kiambu hutoza ada. Lipa, weka risiti, uendelee na siku yako. Nimewaona madereva wakipoteza nusu siku wakikwepa ada ndogo, halafu gari linafungwa mnyororo.

Dakika 20 za kuliaga gari

Usizime injini mara tu ukisimama. Iache iungurume kidogo dakika tatu au nne ili turbo ipoe. Kisha yafungulie matangi ya upepo valvu za chini yatoe maji, hasa kama umetoka pwani kwenye unyevu. Maji yakibaki mle huozesha valvu za breki, na breki za upepo zisizo na upepo safi ndizo zinazokuua kwenye mteremko. Weka vibao vya kuzuia magurudumu. Pitisha kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu kuhisi joto: kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi au breki inalia, na hapa Thika, mji wenye mafundi tele wa magari makubwa, ndipo pa kukitengeneza, wala si huko mbele baada ya Mwingi. Upepo wa tairi usipime sasa. Pima asubuhi zikiwa zimepoa, ndipo namba itakuwa ya kweli.

Zima kila kinachokula betri. Redio, taa ya ndani, chaja, friji ndogo kama unayo. Gari likikaa siku tatu, chomoa terminali au zima swichi kuu.

Halafu toa vitu vyako. Hapa wengi hucheka, lakini fanya: weka nguo chafu kwenye mfuko mmoja, safi kwenye mwingine, toa shuka na blanketi zipigwe jua, toa chakula chochote kinachooza, fagia kabini, acha madirisha wazi kidogo hadi jioni. Kabini ni chumba cha kulala, jiko, ofisi na kioo cha kutazamia dunia, vyote katika nafasi isiyotosha kunyoosha mikono miwili. Ikianza kunuka, akili yako nayo huanza kuwa nzito, na hutajua sababu.

Karatasi za mzigo hazibaki garini. Leseni, kitabu cha gari, hati ya mzigo na karatasi ya dilivari zitembee nawe ndani ya bahasha ya plastiki. Na ukifika kiwandani, mwombe karani wa geti aandike saa uliyoingia, si tarehe peke yake, na ukishashusha aandike saa uliyotoka. Siku za kungoja zina pesa, na mwenye gari akizidai kwa mwenye mzigo anahitaji mwandiko huo. Ukiwa nao, una haki ya kumwambia mkubwa wako kwa heshima kwamba hata marupurupu yako ya siku hizo yahesabiwe. Bila mwandiko unabaki na maneno matupu.

Chumba

Sasa ondoka. Lojing'i za bei nafuu zipo Makongeni na katikati ya mji wa Thika, na Ruiru zipo pande zote mbili za barabara. Tazama mambo matatu: maji yanatoka bombani saa hizi au ni ya ndoo, mlango una komeo la ndani, na chini yake hakuna baa. Kamakis ni mahali pazuri sana pa kula nyama ya kuchoma na nakusihi uende, lakini usitafute usingizi karibu na Kamakis usiku wa Ijumaa.

Kama njia yako ni hii hii mwezi baada ya mwezi, kuna jambo bora zaidi. Shirikianeni madereva wawili au watatu wa zamu tofauti mpange chumba kimoja cha kudumu, Kihunguro, Kimbo au Witeithie. Kila mtu na shuka zake, sanduku lake lenye kufuli, na sheria moja: anayeondoka anafagia na kujaza mtungi. Kodi ikigawanywa inakuwa ndogo kuliko lojing'i za mwezi, na unapata kitu ambacho kabini haiwezi kukupa, yaani mahali ambapo viatu vyako vinakusubiri. Sisi tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa wa Taita, mmoja wa Garissa, na mimi. Tulikutana wote chumbani mara mbili tu katika miaka minne, lakini kila nilipofungua mlango nilikuta mwenzangu ameacha kitu mezani: maembe ya Mwingi, au maziwa ya ngamia kwenye chupa.

Na utingo? Yeye ndiye anayesahauliwa. Madereva wengi huenda kulala na kumwachia kijana gari, siku zote tatu, kisha humlaumu akisinzia badala ya kuangalia nyuma wakati wa kurudi rivasi. Gawaneni. Ikiwa mwenye gari anataka mtu wenu awepo lazima, basi usiku wa kwanza uwe wako chumbani kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa usukanini, usiku wa pili uwe wake, nawe ulale garini. Na anapokuwa garini mpe kitanda. Asilale juu ya mzigo wala chini ya trela kwenye turubai, ati kwa sababu yeye ni mdogo.

Naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua lake ni kali, lakini Juni hadi Agosti usiku wake ni baridi, na mtu aliyetoka Mombasa na blanketi moja hutetemeka. Kishawishi ni kuingiza jiko la makaa kabini. Julai moja nilikuwa nimekwenda msalani, niliporudi nikakuta kijana wangu ameweka jiko tulilopikia ugali kwenye sakafu ya kabini, milango imefungwa, madirisha yamepandishwa. Moshi haukuwepo. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, yametulia. Nikamwita akanijibu kama mlevi, maneno yanaburuzika, naye hajaonja pombe maishani mwake. Nilimvuta kwa mabega hadi nje, akatapika, akalala chini kwenye baridi hiyo hiyo akipumua kwa nguvu, nikakimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Alipona. Nimewajua wawili ambao hawakupona.

Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua, kwa sababu yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni hadi mwili unakosa hewa huku mapafu yanaendelea kupumua. Anayelala humo haamki kukohoa. Anazidi kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Kwa hiyo jiko la makaa halipandi kabini, hata liwe karibu kuzima. Jiko la gesi pikia nje, lizime na ulifunge kabla ya kulala. Wala usilale injini ikiunguruma ili upate joto, maana bomba la moshi likiwa na tundu chini ya kitanda chako, gesi ni ile ile. Nunua blanketi mbili nzito na soksi za sufu. Jaza maji moto kwenye chupa ngumu, ifunge vizuri, iweke miguuni.

Usingizi wenyewe

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokaa macho mfululizo na kuona kwamba mtu akifikisha saa 17 bila kulala, utendaji wake unashuka kama wa aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa hesabu: uliyeamka saa kumi alfajiri Voi ukafika Ruiru ukakaa kwenye foleni hadi saa tatu usiku, umefika hapo. Mwili pia una saa zake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi unashuka chini kabisa, na mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi unashuka tena kidogo. Madereva wazoefu hulijua hili bila kuelezwa. Wanaita saa hizo "saa za shetani".

Miraa na muguka hazilipi deni la usingizi. Zinaliahirisha. Njia ya kaskazini inapita karibu na kwao, na Thika utazipata kila kona, mbichi, kwa bei yoyote. Sikuhukumu, nimetafuna. Lakini ukitafuna siku ya pumziko umeitupa siku hiyo, kwa maana utakaa macho chumbani hadi alfajiri ukizungumza na dari. Siku ya kwanza ukifika, kunywa uji, oga, lala. Usianze na nyama wala na marafiki. Ukilala mchana, funika dirisha kwa kitu kizito na uweke simu mbali, ukiwa umemwambia askari wa yadi na ofisi kwamba hadi saa fulani hutapatikana isipokuwa kwa jambo kubwa. Ukiamka baada ya saa tano au sita na bado una giza kichwani, usishangae. Deni la juma halilipwi kwa usingizi mmoja. Usiku wa pili ndio unaorudisha mtu.

Siku ya pili ndipo utembee. Tembea kweli, kwa miguu, kwa sababu miguu yako imekunjwa siku nne na damu imelala kwenye mashavu ya miguu. Thika kuna Blue Posts, hoteli iliyofunguliwa 1908, ambako mito ya Chania na Thika inaanguka karibu karibu. Sauti ya maji yale nimeiona ikimtoa mtu mngurumo wa injini masikioni kuliko dawa yoyote. Ukiwa Ruiru na una shughuli Nairobi, acha kichwa cha trela yadini. Kuna matatu za 145, au treni ya abiria asubuhi. Kutoka Thika ni 237. Kaa kiti cha nyuma, mtu mwingine aendeshe.

Kula kibandani ni sawa, nami napenda, lakini badilisha. Barabarani tunakula chapo na madondo, ugali na matumbo, soda, na tunakaa chini siku nzima. Ukiwa umesimama, kula sukuma, maharagwe, ndizi, maparachichi ya Murang'a ambayo hapa yanauzwa kwa bei isiyo na maumivu. Kisha nenda ukapimwe. Thika ina hospitali kubwa ya Level 5, lakini kwa kupima presha na sukari huhitaji foleni ya huko. Zahanati au kituo cha afya cha umma kinatosha, na ukiwa umejiandikisha na bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huduma za msingi huko zinagharamiwa. Jiandikishe kwa simu ukiwa umelala kitandani. Ikiwa unatumia dawa za kila siku, za presha, za kisukari au za ARV, mwambie daktari wazi kwamba wewe ni mtu wa safari, akuandikie za miezi kadhaa. Kwa ARV hospitali zetu zinaruhusu, nyingine uliza. Dawa zigawe mahali pawili, nusu kwenye mkoba, nusu kwenye mfuko wa nguo, kwa sababu foleni ya mpakani haina huruma na chupa iliyokwisha.

Macho yapimwe kila mwaka. Nilimwona dereva mzuri kabisa akistaafu kwa aibu kwa kitu ambacho miwani ingekitibu.

Nyumbani piga simu siku ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza tuma ujumbe tu, "nimefika salama, nalala." Ukipiga umechoka utagombana, nimegombana mara nyingi, juu ya karo, juu ya paa, juu ya mambo ambayo asubuhi yake yalikuwa rahisi. Siku ya pili ukishalala, piga, ongea na kila mtoto peke yake. Na kama chumba kipo na familia haiko mbali, walete. Mama watoto wangu alikuwa akipanda matatu kutoka Murang'a na kitinda mimba, tunakaa siku mbili. Mtoto yule ana watoto wake sasa, na anachokumbuka juu ya utoto wake na mimi ni chumba cha Ruiru na jinsi nilivyompandisha kwenye kichwa cha trela akabonyeza honi hadi askari akatoka mbio.

Kurudi

Ukiitwa kwa ajili ya mzigo, usikubali kuondoka saa ile ile kama hujalala. Mwambie mkubwa saa utakayokuwa tayari, na uwe tayari saa hiyo kweli. Neno lako likiaminika mara tatu, la nne hatabishana. Rudi yadini jioni ya kabla ya safari, kukiwa bado na mwanga. Kagua gari ukilinganisha na zile picha. Washa injini, acha upepo ujae, zima, na usikilize. Breki za upepo zinazovuja zina sauti nyembamba kama ya nyoka, na huisikii injini ikiwaka. Tembea ukiinamia tairi moja moja. Jaza maji mitungi miwili, si mmoja, ikiwa unashika njia ya Garissa.

Alfajiri mpime upepo wa tairi zikiwa baridi, mwondoe vibao, mwunganishe nyaya za trela mkiwa wawili, mmoja akanyage breki na mwingine aseme kwa sauti taa ipi imewaka. Mpelekee askari chai na mkate, na umlipe chake mkononi kabla hujawasha injini. Mwulize pia kama kuna siku katika mwezi ujao atakuwa hayupo, na uiandike namba ya mwenzake wa zamu.